Jukwaa Nalo Ni Kazi ya Mafundi



Matawi yetu mengi yana vikundi vya utamaduni. Vinaimba, vinacheza ngoma, na Mei Mosi ikifika vinaonyesha mchezo wa kuigiza. Waigizaji hujifunza maneno yao kwa wiki nyingi, lakini suala la jukwaa huachwa mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Hapo ndipo zinapotafutwa meza nne za bwalo la chakula na kuunganishwa, na aliyekaa safu ya sita haoni kitu ila visogo vya wenzake. Mchezo unaohusu mishahara na kupunguzwa kazini huishia kuonekana vizuri na meneja na wageni wake, ambao ndio waliowekewa viti vya mbele.

Kwetu sisi jambo hili si dogo. Anayepanga jukwaa ndiye anayeamua nani ataona, nani atasikia, na mchezo utakuwa wa nani. Kwa hiyo twasema kwamba usanifu wa jukwaa, yaani elimu ya kupanga mahali pa kuchezea, mandhari, taa na viti vya watazamaji, ni ufundi kama useremala na umeme, na wafanyakazi hatuna budi kuusoma.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vyuo vikuu. Ni kweli kwamba siku hizi wanafunzi vyuoni husoma kuchora mandhari kwa kompyuta, kutupa picha ukutani kwa projekta, na kuziongoza taa nyingi kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hatuna ugomvi na mitambo; sisi tunashinda nayo kutwa. Lakini mfano ulio bora kwetu haukutokana na mitambo. Ulitoka kwa jirani zetu wa Kenya, katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, mahali penye mashamba ya chai na kiwanda cha viatu.

Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, wengi wao vibarua wa mashambani, wafanyakazi wa viwandani na wakulima wadogo, walikuwa na kituo chao cha elimu ya watu wazima. Waliamua kuonyesha mchezo ulioandikwa kwa Kigikuyu na Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, ambao kwa Kiswahili unajulikana kama Nitaolewa Nikitaka. Hawakuwa na ukumbi. Walikuwa na kiwanja kitupu. Basi wenyewe wakapanga njiti za kiberiti juu ya ardhi kuonyesha jukwaa litakaa wapi na watu watakaa wapi. Kisha wakatengeneza mfano mdogo, na kutokana na mfano huo wakajenga.

Yafaa tuangalie walichojenga, maana hapo ndipo penye somo. Jukwaa lilikuwa limeinuliwa, lina umbo la nusu duara, na nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda vivyo hivyo. Nyuma ya ukuta palikuwa na nyumba ndogo ya vyumba vitatu, ya kuwekea vifaa na kubadilishia nguo. Viti vilikuwa mabenchi marefu ya mbao yaliyopangwa kama ngazi, yakatosha watu zaidi ya 2,000. Paa halikuwapo. Pazia la kuwatenga waigizaji na watu halikuwapo pia, na mwigizaji aliweza kutoka jukwaani akapita katikati ya watazamaji na kurudi. Siku moja waigizaji wengine, bila kuagizwa na mtu, waliipanda mikaratusi iliyokuwa nyuma ya viti wakaimba kutoka huko juu. Ni chuo gani kingewafundisha hilo?

Hata vitu vilivyowekwa jukwaani vilikuwa na kazi ya kufanya. Nyumbani kwa Kiguunda, kibarua wa shamba, ukutani inatundikwa hati ya kumiliki ardhi ya ekari moja na nusu. Hiyo ndiyo mali yake yote. Baadaye nyumba inaanza kujaa vitu vipya kwa ajili ya harusi ya kanisani, vilivyonunuliwa kwa mkopo wa benki, na dhamana ya mkopo ni hati ile ile. Mtazamaji asiyejua kusoma anaviona viti vipya, anakumbuka ile hati, na anaelewa kabla hata mtu hajafungua kinywa. Huo ndio usanifu wa jukwaa. Haukuhitaji rangi za bei ghali.

Mchezo ulifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Kabla mwaka haujaisha serikali ilikuwa imeufuta kibali chake, na Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Machi 1982 polisi walikwenda Kamirithu na kulibomoa jukwaa lenyewe. Twaomba msomaji alipime jambo hili. Maandishi yangeweza kupigwa marufuku kwa karatasi tu, lakini mabenchi na mianzi vilitumiwa askari. Mwaka 2022 mchezo huo ulionyeshwa tena, safari hii katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya mjini Nairobi. Tulifurahi kusikia. Hata hivyo ukumbi wa mjini ni ukumbi wa mjini, na mchuma chai ndiye aliyepaswa kuufuata mchezo wake.

Asiye na kiwanja naye asikate tamaa. Kule California, Marekani, wakati wa mgomo wa wachuma zabibu wa Delano ulioanza mwaka 1965, Luis Valdez na wafanyakazi wa mashambani walicheza juu ya lori lililo wazi, kandokando ya mashamba. Mandhari hawakuwa nayo. Mwigizaji alivaa kibao shingoni kuonyesha kama yeye ni bwana shamba au msaliti wa mgomo, na bwana shamba alivalishwa uso wa nguruwe. Lori likiondoka, jukwaa limeondoka nalo.

Tunapendekeza, basi, kwamba fedha za utamaduni za mwaka ujao zisiishie kwenye sare za kwaya. Kila tawi lichague wanachama wawili, na wasiwe waigizaji: seremala, mchomeleaji, fundi umeme au fundi cherehani. Wapelekwe wakasome usanifu wa jukwaa kwenye vyuo vya sanaa vyenye mafunzo hayo, walau kozi fupi, na chama kiwalipie nauli na siku za kazi watakazokosa. Fundi umeme ni muhimu hasa, kwa kuwa nyaya zilizotambazwa chini ya meza zilizolowa mvua zinaweza kuua. Wakirudi, kazi yao ya kwanza iwe kupima uwanja wa tawi lao na kutuletea mfano mdogo wa jukwaa, hata ukiwa wa njiti za kiberiti, tuujadili mkutanoni kabla ya Mei Mosi. Na viti vya mbele wapewe waliotoka zamu ya usiku.