Nanasi: tusitie karbire shamba zima siku moja

Ndugu wanamemba, nanasi haihesabu miezi tu. Inatoa ua wakati etileni, homoni yake iliyo hewa, inaongezeka moyoni mwa mmea. Karbire, ile ya kuchomelea vyuma, ikiingia majini inatoa asetileni, hewa ya jamaa moja na etileni, na mmea unadanganyika. Tunamwanga maji hayo usiku (bila moto karibu!) juu vinywa vya majani vinafunguka saa hizo. Muzuri. Lakini wengi wanatia shamba zima siku moja. Kiisha miezi tano ao sita mananasi yote yanaiva pamoja, na mnunuzi ndiye anapanga bei. Mimi naona koperative ipange zamu, kikundi kwa kikundi, kila juma mbili. Na mche mudogo tusiuguse: utazaa tunda kama ngumi, nani atalinunua?