Kabla Uniite Mvivu, Pima Damu

Wiki hii kuna video inazunguka: msichana kwa matatu anatafuna odowa, na watu wanamcheka eti anakula ukuta. Mimi sikucheka. Nikiwa chuo nilikuwa nanunua odowa kila jioni, naficha kwa mkoba kama bangi.

Wakati huohuo nilikuwa nalala darasani. Nikipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, moyo unadunda kama nimekimbizwa na kanjo. Nasoma ukurasa mmoja mara nne na hakuna kinachoingia. Lekchara akaniita mvivu mbele ya watu. Mathe akasema ni simu. Manze, hata mimi nikaamini. Nilipoacha chuo, niliacha nikijua tatizo ni mimi.

Miezi michache baadaye nikazirai kwenye foleni. Damu ikapimwa: himoglobini 7. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 tayari ni upungufu. Nesi akaniuliza swali moja tu: "Unakula odowa?"

Mwili hutumia madini ya chuma kutengeneza himoglobini, ile inayobeba oksijeni. Chuma kikiisha, unachoka, unasahau, unaishiwa pumzi. Hamu ya mawe na udongo ni dalili ambayo madaktari wanaijua vizuri. Sasa sisi wasichana tunapoteza damu kila mwezi, halafu tunairudisha na nini? Chapo na chai asubuhi, chipo mchana, jioni mkate na chai tena. Tumbo limejaa, damu haina kitu. Na hiyo chai ukiinywa na chakula inazuia chuma kuingia mwilini.

Utasema unga siku hizi una madini. Kweli, tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti uongezwe chuma na zinki. Lakini unga wa posho mill je? Na nani amewahi kutoka 7 kwa ugali pekee?

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulipata watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Hakuna anayewapigia kelele eti wajitahidi warefuke. Mbona sisi tunaambiwa tujitahidi tuache kuchoka?

Sisemi kila anayelala darasani hana damu. Wavivu wapo, nimeishi nao hosteli. Lakini kipimo kinataka damu kidogo tu. Tusi ni rahisi zaidi, ndiyo maana mnalipenda.

Kula omena, ndengu, terere na ndimu juu. Chai ingoje saa moja. Na vidonge usinunue kwa mtu wa mtandaoni kama mimi, pimwa kwanza.

Nilipotibiwa, hamu ya odowa iliisha. Chuo hakikurudi. Kwa hivyo ukimwona msichana anatafuna mawe, weka simu chini umwambie akapimwe.