Twauliza Halali, Hatuulizi Tayibu



Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, ingia jikoni kwako ukachukue kopo moja la chakula kilichotoka ng'ambo. Lolote. Ligeuze ulitazame. Kimetoka nchi gani? Nani aliyekifunga? Tarehe ya mwisho imepigwa chapa juu ya kopo lenyewe, au imebandikwa juu ya nyingine? Na hayo maneno yaliyoandikwa, katika nyumba yako ni nani awezaye kuyasoma? Mimi nimelifanya hilo nyumbani kwangu. Katika makopo tisa, matatu hayakuwa na lugha hata moja niijuayo, nami nasoma Kiswahili na Kiarabu, na Kiingereza cha kubahatisha. Mke wangu akacheka, akasema, "Na hayo matatu ndiyo uyapendayo."

Mola wetu, katika Suratul Baqara aya ya 168, ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho tayibu. Ni maneno mawili, wala si moja. Halali ni kile ambacho sheria imekiruhusu. Tayibu ni kilicho safi, chema, kisichomdhuru mlaji. Sisi tumeikata amri hii vipande viwili, tukachukua kimoja. Mtu wetu akiambiwa kitu kina nguruwe, atakitupa hata na sufuria yake. Akiambiwa unga umeota ukungu, asema, "Uanike juani, utakufa." Akiona neno halali juu ya pakiti, hutia kapuni na maswali yamekwisha.

Wako na wale wasemao, "Piga bismillahi, hakitakudhuru." Bismillahi ni ibada na ni baraka, lakini nani aliyetwambia kuwa imefanywa iwe badala ya macho na pua? Wasome habari za vijana wa pangoni katika Suratul Kahf. Waliamka na njaa, nao wanawaogopa watu wa mji wasije wakawaua. Hata hivyo walipomtuma mwenzao sokoni na fedha yao, walimuusia atazame ni chakula cha nani kilicho safi zaidi. Watu waliojificha, wenye njaa ya miaka, hawakuacha kuuliza. Seuze sisi tuendao dukani kwa miguu yetu na nafasi yetu!

Sasa niseme langu, kwani mwenye kuwakemea wenziwe yampasa aanze na nafsi yake. Miaka kadhaa iliyopita, katika Ramadhani, mfanyabiashara mmoja, ambaye jina lake nitalisitiri, alituletea chuoni makatoni ya maziwa ya unga kwa ajili ya uji wa futari ya watoto. Nikamwombea dua mbele ya watoto wote. Kijana mmoja wa miaka kumi na moja, mwenye tabia ya kuchokonoa vitu, akabandua kwa ukucha kibandiko cha tarehe. Chini yake pakatokea tarehe nyingine, iliyokwisha pita miezi saba. Akaniletea. "Maalim, tazama." Nikamkemea! Nikamwambia mwenye kupewa hachagui, apige bismillahi ale.

Usiku ule watoto kumi na wanne walitapika na kuharisha, na binti mmoja wa jirani yangu alilazwa siku tatu akitiwa maji ya mshipani. Daktari hakuweza kuapa kuwa ni maziwa. Mimi sikuhitaji kiapo chake. Binti alipona, Alhamdulillahi, na mama yake hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo ambalo liliniuma kuliko kulaumiwa.

Nilimwendea yule bwana dukani kwake. Wala hakukana. Alinambia, "Maalim, mengi katika hayo nimeyauza na hakuna aliyerudi kulalamika. Yaliyobaki nikaona niyatoe sadaka, nipate thawabu." Thawabu! Katika sura ile ile ya Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kilicho kibovu tukakitoa sadaka, kitu ambacho lau sisi wenyewe tungepewa tungekipokea shingo upande. Mtu huyu husali safu ya mbele. Aijua bei ya kila kitu bandarini, na aya hii imempita.

Na hadithi ya lile fungu la nafaka nayo imempita. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akatia mkono wake ndani ya fungu, vidole vikatoka na umaji. Muuzaji akatoa udhuru kuwa ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi hatokani naye. Tazama vizuri, ndugu yangu. Nafaka ile ilikuwa halali. Haikuibiwa, haikuchanganywa na najisi, na mvua ni ya Mungu. Kosa la yule muuzaji lilikuwa kuficha. Kibandiko juu ya tarehe ni kitu gani kama si nafaka kavu iliyowekwa juu ya iliyolowa?

Wala nisifahamike kuwa nasema kila kitokacho nje ni kibaya. Pwani hii imekula mchele wa Bara Hindi na tende za Basra na Maskati tangu zama za majahazi, na wazee wetu hawakuona aibu. Lakini mnunuzi wa zama zile alimjua nahodha kwa jina na kwa jina la babake, na akidanganywa msimu huu alimngoja msimu ujao. Leo gunia limepita mikono ishirini kabla ya kufika kwako, na hata muuza duka hamjui aliyelishona. Alama iliyobaki ya kumjua mwenye mali ni ile karatasi iliyo juu yake. Ikiwa karatasi haisomeki, au imesema uwongo, basi umenunua gizani.

Na giza hilo limekwisha ua. Nimeitaja Basra. Katika mwaka 1971 serikali ya Iraki, baada ya mavuno kuharibika, iliagiza ngano ya mbegu kwa maelfu ya tani kutoka Meksiko na Marekani. Mbegu ile ilikuwa imetiwa dawa ya zebaki isioze ardhini, na ikapakwa rangi nyekundu ili ijulikane kuwa si ya kuliwa. Magunia yaliandikwa onyo. Kwa lugha gani? Kwa Kispania na Kiingereza, na picha ya fuvu la kichwa ambayo mkulima wa Iraki haikumwambia kitu. Mbegu nyingi zilifika wakati wa kupanda umekwisha pita, na nyumbani kuna njaa. Watu wakaiosha ile rangi, wakaiona imetoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine waliwalisha kuku kwanza, kuku hawakufa siku ile, basi wakasaga wakaoka mikate. Zebaki haina haraka. Majuma yakapita ndipo watu wakaanza kufa ganzi midomo na vidole, wakayumba, wakapofuka. Waliolazwa hospitali walikuwa 6,530, na waliokufa humo 459.

Wale walikuwa Waislamu, na ngano ni halali bila ya shaka, na yamkini hakuna mkate ulioliwa pasina bismillahi. Kilichokosekana ni onyo katika lugha ya mlaji. Kila nikiona katika duka la mtaani kwetu kopo lenye maandishi ambayo hakuna mtu wa mtaa ule awezaye kuyasoma, huyakumbuka magunia yale.

Ama nyinyi mnunuao mafuta ya kupima katika chupa isiyo na jina, ijueni habari ya Hispania mwaka 1981. Mafuta ya mbegu yaliyotoka Ufaransa kwa kazi za viwandani, yaliyotiwa kemikali makusudi yasifae kuliwa, yalisafishwa na matapeli yakauzwa na wachuuzi kama mafuta ya zeituni, katika madumu yasiyo na chapa, kwa bei nafuu. Watu wapatao 20,000 waliugua na mamia wakafa. Walionunua walikuwa maskini kama sisi, na bei ndiyo iliyowavuta.

Lakini habari iniumizayo zaidi ni ya maziwa ya Uchina, mwaka 2008. Maziwa yalitiwa maji ili yazidi. Maji yakipunguza nguvu ya maziwa, kipimo cha kiwandani hukamata. Basi wakatia melamini, kitu cha kutengenezea plastiki, kwa kuwa kipimo kile huhesabu naitrojeni na melamini imejaa naitrojeni. Kipimo kikadanganyika. Figo za watoto wachanga hazikudanganyika. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walikufa, na mwaka uliofuata watu wawili katika waliohusika waliuawa kwa hukumu ya mahakama.

Sote tumehadithiwa kisa cha Sayyidna Umar akizunguka Madina usiku, akamsikia mama amwambia bintiye achanganye maziwa na maji, kwani Umar hawaoni. Binti akakataa, akasema ikiwa Umar hatuoni, Mola wa Umar atuona. Twawahadithia watoto kisa hiki tukitabasamu, kama kwamba ni kisa cha adabu tu cha kulalia. Mlango ulifunguliwa Uchina kwa maji yale yale. Yule binti wa Madina alikuwa akizilinda figo za watoto wa watu.

Kama wadhani muhuri wa halali watosha, mwaka 2013 nchini Uingereza ilitangazwa kuwa vyakula vya nyama vilivyopelekwa magerezani kwa jina la halali vimekutwa na chembe za nguruwe. Mwezi wa Januari mwaka ule ule, wakaguzi wa Ayalandi walipima chapati za nyama ya ng'ombe 27 kutoka maduka makubwa, wakakuta asili ya farasi katika 10 na ya nguruwe katika 23. Hizo ni nchi zenye maabara na sheria kali. Muhuri ni ushahidi, na shahidi huulizwa: Ni nani wewe? Nani aliyekupiga?

Najua nitaambiwa, basi tule cha kwetu tusalimike. Mwaka 2004 huko Ukambani, nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu katika mahindi, nayo mengi yalilimwa na wao wenyewe, yakahifadhiwa yangali mabichi. Ukungu hauulizi pasipoti. Kwa hiyo sigombani na wageni. Nagombana na kuficha, na khasa nagombana na sisi tuliozoea kufichwa.

Wenye maduka, na wengi wenu mwanijua: lipo jambo dogo nawataka. Bandikeni juu ya kila kopo na gunia, kwa Kiswahili, nchi kilikotoka, vilivyomo, na tarehe. Msiniambie ni ghali, kwani kibandiko cha kuzeesha na kufufua tarehe mwakipata kwa wepesi. Na chakula kilichopita wakati kiharibiwe, kisipunguzwe bei, wala kisiletwe msikitini.

Nawe mnunuzi, rudisha. Ukirudishiwa maneno ya dharau, lipeleke kopo kwa wenye dhamana. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 kifungu cha 46 imekupa haki ya bidhaa bora, ya kupewa maelezo, na ya kulindwa afya yako. Tanzania Bara, kazi ya usalama wa chakula ilikabidhiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Zanzibar wako Wakala wa Chakula na Dawa. Utaambiwa njoo kesho. Nenda hiyo kesho, na kopo lako mkononi, na jirani yako nyuma yako.

Chuoni kwetu sasa sadaka ya chakula hupokewa mlangoni na wanafunzi wawili, na mmoja wao ni yule kijana, ambaye amekuwa mtu mzima na ukucha wake ni ule ule. Nilimwomba radhi mbele ya wenziwe, kama nilivyomkemea mbele ya wenziwe. Wafadhili wawili wamekasirika kwa kukaguliwa. Mmoja amesharudi, na makatoni yake alikuwa ameyakagua mwenyewe.