Kizuri Chajiuza? Si Kila Mara, Msomaji

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tulifunzwa sote shuleni, na wengi wetu tumeifanya mizani ya kupimia kila kitu, kuanzia nyanya za sokoni hadi muziki. Albamu ikinunuliwa kama njugu, twasema ni nzuri. Ikikaa dukani hadi ikaota vumbi, twasema haina lolote.

Leo, mpenzi msomaji, naomba niibishie methali hiyo kwa albamu tatu za ng'ambo zilizotoka kati ya 1968 na 1972. Zote zilikataliwa na soko zilipozaliwa.

Ya kwanza ni Odessey and Oracle ya bendi ya The Zombies ya Uingereza, ambayo ni roki ya saikedeliki, yaani ile yenye sauti za kindotondoto. Vijana hao walipewa na kampuni yao pauni 1,000 hivi, wakaingia studio za Abbey Road, London, katikati ya 1967, muda mfupi baada ya The Beatles kumalizia humo Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band. Hata neno la kwanza la jina la albamu limeendelezwa visivyo, kwa kuwa mchoraji wa jalada aliteleza kwenye herufi. Ilipotolewa Aprili 1968, bendi ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mwaka uliofuata wimbo wake wa mwisho, Time of the Season, ulipanda hadi nambari tatu kule Marekani, ilhali wenyewe walikuwa wameshatawanyika.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonirushia mawe: kati ya albamu hizo mbili za Abbey Road, mimi nachagua ya The Zombies. Ile ya Beatles inakushangaza kwa ufundi. Hii inakuonyesha watu: mpenzi anayemngoja mwenziwe atoke gerezani, na askari wa Vita Vikuu vya Kwanza ambaye mikono haiachi kumtetemeka.

Ya pili ni Cold Fact ya 1970, yake Sixto Rodriguez, mzaliwa wa Detroit mwenye asili ya Mexico. Marekani haikumtia maanani, naye akashika kazi ya mjengo na ya kubomoa nyumba ili awalee binti zake. Kumbe huko Afrika Kusini vijana wa Kizungu waliochoshwa na ubaguzi wa rangi walikuwa wakizinakili nyimbo zake kwenye kaseti, na wengi wakiamini kwamba alikuwa amekufa! Mnamo 1998 alikwenda huko akajaza kumbi. Filamu juu yake, Searching for Sugar Man, ilitoka 2012 na kushinda tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Alifariki 2023 akiwa na miaka 81.

Hapa nitasema wazi kwamba hadithi imeizidi albamu kimo. Filamu yenyewe ilinyamazia ziara zake za Australia, ambako alishangiliwa tangu 1979. Nyimbo zake za mtaa, za walevi na za wasio na kazi ni kali kweli. Nyingine ni za kupita tu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ni Pink Moon ya Nick Drake, Mwingereza wa muziki wa foku. Mwaka 1969, akiwa amebakisha miezi tisa hivi apate digrii Cambridge, aliamua kuacha masomo ili apige gita. Baba yake, mhandisi, alimwandikia akimsihi amalize na kumweleza hasara za kuondoka mikono mitupu. Kijana hakusikia. Albamu yake ya kwanza, Five Leaves Left, ilitoka mwaka huo huo. Haikuuzwa. Ya pili, Bryter Layter, ilipambwa kwa fidla na saksafoni. Nayo pia haikuuzwa. Ya tatu akairekodi kwa usiku mbili mwezi wa Oktoba 1971: sauti yake, gita kavu, na piano kidogo katika wimbo mmoja pekee. Ni dakika 28 tu. Hiyo nayo ikaanguka. Akarudi kwa wazazi wake akiwa mgonjwa wa mfadhaiko, nao wakamtunza hadi alipofariki Novemba 1974, akiwa na miaka 26.

Robo karne baadaye, kampuni moja ya magari iliutumia wimbo wa Pink Moon katika tangazo la televisheni huko Marekani, na ghafla albamu ikaanza kununuliwa. Haikuwa imebadilishwa hata noti moja.

Basi je, baba yake alikosea? Mimi sisemi hivyo. Mzazi yeyote aliyewahi kuuza ng'ombe ili alipe karo ataielewa barua ile. Lililo kubwa machoni pangu ni kwamba kijana aliposhindwa, hakufungiwa mlango. Nawe mwanafunzi usiyetaka tena kuona daftari, usimfanye Drake kisingizio. Kumbuka kwamba Rodriguez, baada ya albamu zake kuanguka, alirudi darasani akapata digrii ya falsafa mwaka 1981, huku akifanya kazi za mikono.

Methali, kwa hivyo, inafaa sokoni kwenye nyanya, maana nyanya haiwezi kungoja. Kazi ya sanaa yaweza kungoja hata miaka 25, ila aliyeifanya hawezi. Ndiyo maana mtoto wako akikuomba umsikilize anapopiga gita, usimwulize kwanza ni nani atakayelinunua. Msikilize.

Na wiki hii jaribu jambo moja. Simu zetu zimetuzoesha kuruka wimbo kabla haujafika ubeti wa pili. Tafuta Pink Moon uisikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuruka chochote. Haimalizi hata safari moja ya matatu jioni ya msongamano. Ikikuchosha, irudie kesho yake kabla hujaihukumu.

Tukutane Jumapili ijayo.