Ramani Isiyojua Kiwanja

Siku hizi nyumba inanunuliwa kama viatu. Unapitia picha kwenye simu, unapenda moja, unatuma hela, ramani inaingia WhatsApp. Vyumba vitatu, kimoja masta, paa lililofichwa nyuma ya ukuta, vioo kutoka sakafuni hadi darini. Ramani ileile inasimamishwa Goba mlimani, Kigamboni mchangani, na Dodoma kwenye ukame. Tunaiita nyumba ya kisasa. Mimi naiona nyumba isiyojua iko wapi.

Tuchukue jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mchana jua liko utosini, na hilo ni la paa kupambana nalo. Linalotuumiza ni la asubuhi na la jioni, linalokuja chini chini na kupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hiyo kuta ndefu na madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na paa litokeze vya kutosha kufunika ukuta. Paa lililofichwa linafanya kinyume: ukuta unabaki uchi, jua linaupiga, masika inaulowesha, na maji yakituama nyuma ya ule urembo yanatafuta njia kupitia dari. Halafu tunafunga kiyoyozi na kulia na LUKU.

Upepo nao tunaujua kwa majina, kaskazi na kusi. Wajenzi wa pwani waliusubiri kwa madirisha wazi. Sisi tunaupa dirisha la kusukuma, ambalo nusu yake haifunguki kamwe.

Msinijibu kwamba haya ni mambo ya kizamani. Soko la Kariakoo, alilolichora Beda Amuli, ni zege la miaka ya 1970, la kisasa kwa kipimo chochote, na miavuli yake ya zege ilibuniwa kutoa kivuli huku hewa ikipita.

Kinachoniudhi zaidi ni habari ya jirani. Mtu ananunua kiwanja bondeni, anamwaga malori ya kifusi mpaka kinapanda kuliko barabara, anakata mwembe, anatandaza pevingi ukuta kwa ukuta. Mvua ikinyesha maji hayana pa kuzama. Yanakwenda kwa mama wa nyumba ya pili, aliyekuwepo miaka mingi kabla yake, na sasa analala kitanda kikiwa juu ya matofali. Hiyo si bahati mbaya, imechorwa. Mchoraji aliweka kalamu chini alipofika mpakani.

Mtasema ukuta mrefu ni kwa sababu ya wezi. Mwizi akishauruka, nani atamwona? Baraza la nje lenye wacheza bao hadi saa nne usiku linalinda mtaa kuliko seng'enge. Gharama? Kuuacha mwembe ni bure. Kuigeuza nyumba kabla ya kuchimba msingi ni bure pia, ingawa kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, nakubali, inabana.

Kabla hujamlipa mtu wa ramani, mpeleke kiwanjani saa kumi jioni, halafu tena siku ya mvua. Akikataa kwenda, tafuta mwingine.