Barua ya wazi kwa Mheshimiwa wa Nyumba: Miezi mitano yangu iko wapi?

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya nyumba na makazi,

Natumaini nyumba unayoishi hukudaiwa kodi ya miezi sita kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Nakuandikia kuhusu miezi mitano ya kodi ya chumba. Niliilipia Dodoma, sikuilala, na mwenye nyumba ameshaiuza kwa mtu mwingine.

Mama yangu alitolewa Kondoa akaja kufanyiwa upasuaji Dodoma mjini. Madaktari walitaka awe karibu kwa mwezi mzima ili kidonda kisafishwe na kuangaliwa. Mimi naishi Dar es Salaam na kazi yangu ni ya kompyuta: nasikiliza video za watu na kuziandikia maneno, kwa kampuni iliyo nje ya nchi. Mradi kuna umeme na bando, bosi wangu hajui kama niko Tabata au Tabora. Kwa hiyo mwezi mmoja Dodoma, nikifanya kazi usiku na kumpeleka mama kliniki mchana, ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili timamu.

Kwa safari yenyewe, Mheshimiwa, naipongeza serikali, tena bila kulazimishwa. Nilipanda treni ya SGR kwa nauli ya kawaida ya shilingi 31,000, nikachomeka chaja kwenye kiti, na faili niliyoianza tulipoondoka ilikuwa bado haijaisha tulipofika. Tangu treni hiyo ianze kufika Dodoma Julai 2024, mtu anaweza kunywa chai Dar na kula mchana Makao Makuu ya Nchi. Kumbe nchi hii ikiamua jambo, linawezekana.

Kisha nikashuka, nikaanza kutafuta chumba.

Nilipita Ilazo, Kisasa, Makole na Nkuhungu. Kila dalali alitaka hela ya kuoneshwa kwanza, 10,000 hapa, 10,000 pale, hata kwa chumba ambacho kilikuwa na mtu ndani anakaanga vitumbua. Nikisema nataka mwezi mmoja, wanacheka. "Dada, mwezi mmoja ni gesti hiyo." Wenye nyumba hawakucheka, wao walikuwa na sentensi moja tu: miezi sita. Wenye vigae na geti la umeme walitaka mwaka.

Basi nikaenda gesti. Chumba cha 30,000 kwa siku ni 900,000 kwa mwezi, bila jiko, na mgonjwa wa kidonda huwezi kumlisha chipsi siku zote. Isitoshe Bunge la Bajeti lilikuwa linakaribia, na wewe unajua vizuri kuliko mimi bei za malazi Dodoma zinavyokuwa waheshimiwa wakianza kuwasili na posho zao. Mhudumu wa mapokezi aliniambia waziwazi kwamba nikitaka kukaa mwezi mzima nijiandae kupisha. Apatimenti za wageni sikuzigusa. Zile zimepangwa kwa watu wanaolipiwa na mradi.

Hatimaye nikapata chumba masta nje kidogo ya mji, 120,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 720,000. Dalali achukue kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kunipigia simu mara mbili, 120,000. Jumla 840,000, mkononi, siku hiyohiyo, kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja saa kumi". Sikuwa nayo. Niliikopa kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, na kwa kuwa hao hawahusiani na wizara yako, nitawaacha hapo.

Tulikaa mwezi wetu. Kidonda kikafunga, mama akarudi Kondoa, nikakabidhi ufunguo na kuomba nirudishiwe hata nusu ya iliyobaki. Mwenye nyumba aliniambia hela imeshaingia kwenye ukuta wa uzio. Kabla mwezi wa pili haujaisha, jirani niliyebadilishana naye namba alinitumia ujumbe: chumba kina mpangaji mpya, kijana wa chuo, amelipa miezi sita.

Ile miezi mitano imelipiwa mara mbili. Mimi nimeilipia, na kijana yule naye ameilipia. Mwenye nyumba mmoja, chumba kimoja, kalenda moja.

Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi ya umma ambayo kazi yake, kwa maandishi yaliyobandikwa mlangoni, ni kusuluhisha mambo ya aina hii. Sitaitaja, kwa sababu naamini ningepata jibu lilelile katika nyingine yoyote. Afisa alisoma mkataba wangu, ukurasa mmoja ulionunuliwa stationari, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu, hakuna, akasema: "Mlikubaliana. Na umetoka kwa hiari yako." Nikamuuliza ile miezi mitano ni ya nani sasa. Akaniambia nikafungue shauri. Nikamwambia naishi Dar. Akasema hilo ni suala langu.

Mlikubaliana! Makubaliano gani haya, Mheshimiwa, ambapo mmoja ameshika ufunguo na mwenzake ana mgonjwa amekaa kwenye benchi la hospitali na mfuko wa nguo miguuni? Sukari tunapimiwa robo, unga tunapimiwa kwa kibaba. Nyumba peke yake ndiyo mtu analazimishwa kununua gunia.

Usiniambie sheria haiujui mwezi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua upangaji unaokwenda mwezi kwa mwezi. Inautambua, lakini haimlazimishi mwenye nyumba kuutoa. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, mliifuta mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji anaishi kwa kauli za viongozi. Kauli tumezisikia nyingi: wenye nyumba waache kudai kodi ya mwaka, wenye nyumba wawe na utu. Mwenye nyumba wangu ana redio, naamini na yeye alizisikia.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba serikali hii inajua sana kuhesabu mwezi, pale inapochukua chake. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kidogokidogo, kila mwezi. Jengo si langu, lakini umeme nanunua mimi, kwa hiyo nikiwa pale kodi ya ukuta wa mwenye nyumba ilipita kwenye simu yangu bila mtu kuniuliza kama tumekubaliana. Mwaka 2022 mkaona mpangaji anafaa hata kuwa wakala wa TRA: akate asilimia 10 ya pango na kuipeleka serikalini. Nilipomtajia mwenye nyumba asilimia 10, aliniuliza kama chumba nakitaka au sikitaki. Sasa mtu ambaye hawezi kumwomba mwenye nyumba alipe kwa mwezi, mlitegemea atamkata kodi kwa ujasiri gani?

Mwezi mnao. Mmeujengea mifumo, namba za malipo na ujumbe wa simu unaofika usiku wa manane. Mpangaji peke yake ndiye hana mwezi. Ana miezi sita, au ana kuondoka.

Usafiri wa ndani ya mji nautaja kwa kifupi kwa kuwa hauko chini yako, ila utamfikishia mwenzako wa usafiri. Kutoka chumbani hadi hospitalini ilikuwa daladala mbili, na ya pili ukiikosa jioni huipati tena. Mgonjwa wa kidonda hapandi bodaboda. Ikabaki bajaji, kwenda na kurudi, kwa bei ya dereva alivyoamka. Tungepata chumba karibu na hospitali tungetembea, lakini karibu na hospitali miezi sita ilikuwa ghali zaidi. Unaona jinsi jambo linavyorudi palepale.

Usidhani mwezi mmoja ni ugonjwa wangu peke yangu. Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anataka wiki nane. Fundi anayefuata kazi ya jengo anataka mpaka bati lipigwe. Mama anayemlinda mtoto njiti wodini hajui ni lini ataruhusiwa. Na vijana wanaofanya kazi kwenye mtandao, mnaowahimiza kila siku majukwaani wajiajiri kidijitali, wanaweza kufanya kazi popote nchini isipokuwa hawawezi kulala popote nchini. Nchi hii imepangwa kwa ajili ya mtu anayelipa kwa mkupuo: ada kwa mkupuo, bima kwa mkupuo, kiwanja kwa mkupuo. Anayelipwa kidogokidogo anakopa kwa riba ili afanane na mwenye mkupuo, kisha tunaitana kwenye semina kufundishwa nidhamu ya fedha.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha kwa sheria moja. Usishtuke, sikuombi hayo. Naomba vitu vidogo kabisa. Iwe marufuku kisheria, na si kwa kauli, kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja na dhamana ya mwezi mmoja kwa nyumba ya kuishi. Mpangaji akitoka mapema kwa notisi, na chumba kikapata mtu, arudishiwe siku zilizouzwa upya. Hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Dalali awe na leseni na risiti, na asilipwe kwa kuonesha chumba chenye mtu. Na jirani na hospitali za rufaa, ambako ardhi ya umma ipo, yajengwe malazi ya kulipia kwa wiki na kwa mwezi, yenye jiko la pamoja na soketi inayofanya kazi. Mliojenga ofisi za serikali Mtumba kwa kasi ile hamtashindwa vyumba vya wauguzaji.

Wakati hayo yakisubiri mchakato, tathmini, wadau na kikao cha wadau, naomba jibu moja kwa maandishi, kwa sababu ofisi niliyokwenda ilishindwa kunipa. Mkataba wangu, ule wa ukurasa mmoja, bado haujaisha muda wake. Una jina langu, saini ya mwenye nyumba na muhuri wa serikali ya mtaa, muhuri ambao pia niliulipia. Kijana wa chuo ana mkataba wake, na muhuri wake. Kwa miezi mitano ileile na mlango uleule, serikali imegonga muhuri mara mbili. Mpangaji halali ni yupi?

Kama ni yeye, nirudishiwe 600,000 zangu. Kama ni mimi, mtamweleza nyinyi, si mimi.

Wako,

Mpangaji wa mwezi mmoja aliyelipa sita

Nakala: Mwenye nyumba wangu. Ukuta umependeza.