Ridhaa ya nani?

Juni 1897 London ilikuwa imepambwa kwa bendera, Malkia Victoria akiadhimisha miaka 60 ya utawala wake. Katika hoteli ya Cecil, wanawake 20 walikaa kwenye mbao za sataranji kwa mashindano yao ya kwanza ya kimataifa. Mmoja wao, Mary Rudge, alikuwa na miaka 55 na hakuwa na mume wala mali. Alishinda michezo 18, akatoka sare mmoja, hakufungwa hata mara moja. Louisa Fagan, aliyeshika nafasi ya pili, aliachwa kwa pointi 3.

Mtu kama Rudge kurasa zetu za michezo humwita mchezaji wa ridhaa. Neno zuri: anacheza kwa hiari yake, halipwi. Ila linakwepa swali ambalo mama yeyote wa nyumbani angeliuliza kwanza. Kama halipwi, anakula nini?

Henry Thomas Buckle hakuwahi kusumbuliwa na swali hilo. Baba yake, mfanyabiashara tajiri wa meli, alifariki mwaka 1840 na kumwachia kijana wake cha kutosha. Tangu hapo Buckle hakuajiriwa na mtu. Alijifunza lugha, akajaza nyumba vitabu, mwaka 1849 akashinda mashindano ya sataranji ya London, kisha akaketi kuandika historia ya ustaarabu wa Uingereza. John Owen naye alikuwa kasisi, na kanisa lilimwachia muda wa kutosha hata akamfunga Paul Morphy, gwiji wa Marekani, mchezo mmoja mwaka 1858. Wenye njaa walishinda mikahawani wakicheza kwa dau la shilingi moja, na waungwana wakawatazama kwa jicho la pembeni.

Rudge hakuwa na parokia, hakuwa na urithi wa maana, na mwanamke wa tabaka lake asingeweza kukaa mkahawani kutega shilingi za wapita njia.

Alizaliwa mwaka 1842 katika mji mdogo wa Leominster, binti wa daktari wa upasuaji. Baba aliwafundisha mabinti wakubwa sataranji, nao wakamrithisha mdogo wao. Ndiyo elimu ya mchezo aliyoipata, na haikuwa haba: mwaka 1874 alikuwa Birmingham, akicheza mashindano pamoja na wanaume. Lakini baba alipofariki, mabinti wasioolewa walibaki na jina zuri na mfuko mtupu. Walihamia Bristol. Mwaka 1889 wapenzi wa sataranji walitoa wito hadharani ili ndugu hao wachangiwe.

Hapo ndipo mimi naona neno ridhaa linapasuka. Mwanamke aliyewazidi wenzake wote kwa akili ya ubao alikuwa akiishi kwa michango na kwa hisani ya marafiki. Kwa muda alikaa Ireland, nyumbani kwa Frideswide Rowland, mtunzi wa mafumbo ya sataranji. Paundi 60 za ushindi wa 1897 zilikuwa pesa nzuri, lakini zililipwa mara moja tu. Mwanamume wa kiwango hicho angeweza kuombwa aandike safu gazetini, afundishe, azunguke vilabu kwa malipo. Rudge alipigiwa makofi.

Mwaka uliofuata Emanuel Lasker, bingwa wa dunia, alifika Bristol na kucheza na watu wengi kwa wakati mmoja. Muda ulipokwisha, mchezo wake na Rudge ulikuwa haujamalizika. Lasker aliutazama ubao, akakiri kwamba mama huyo angemfunga, akampa ushindi.

Mary Rudge alifariki mwaka 1919 katika hospitali ya Guy's, London, hospitali iliyojengwa kwa ajili ya maskini.